CHAJA YA GARI INAWEZA KUFANYA KAZI NYUMBANI

Je, umewahi kuona chaja ndogo yenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, lakini haina plagi ya kuchomeka ukutani? Chaja hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaorusha vindege vya kuchezea. Watu hao huenda uwanjani na gari. Wakifika hufungua boneti, hubana nyaya zile kwenye betri ya gari, na huchaji betri ndogo za vindege vyao.

Sisi wakulima hatuna vindege vya kuchezea. Lakini betri tunazo. Tuna betri za tochi, za redio, na za mabomba ya kupulizia dawa. Tangu viwavijeshi vamizi walipoonekana nchini mwaka 2017, mkulima wa mahindi anajua thamani ya bomba linalofanya kazi. Viwavi hao hujificha mchana ndani ya moyo wa mhindi. Wakati mzuri wa kupuliza dawa ni asubuhi na mapema, au jioni. Betri ikikuzimikia jioni hiyo, viwavi watakula usiku kucha.

Chaja hizi sasa zinafika vijijini. Vijana walioko mjini huwaletea wazazi wao. Ni chaja nzuri, maana zinaweza kuchaji betri za aina nyingi. Lakini zinahitaji mtu anayesoma.

Nitakueleza kosa langu. Jirani yangu aliletewa chaja ya namna hiyo na mwanawe. Akaniita. Mimi ni Bwana Shamba, si fundi umeme, lakini sikutaka kusema sijui. Tulikata vibanio vya nyaya, tukafunga plagi, tukachomeka ukutani. Ikalia paa! Moshi ukatoka. Jirani yangu hakusema neno. Mkewe, ambaye alijifunza kusoma katika darasa la kisomo, aliigeuza ile chaja akaitazama chini.

"Bwana Shamba," akasema, "hapa pameandikwa 11 mpaka 18. Wewe umeipa ngapi?"

Nilikuwa nimeipa 230. Nililipa chaja ile kwa fedha yangu.

Soma chini ya chaja

Chini ya kila chaja kuna maandishi madogo. Tafuta herufi V. Hiyo ni volti, yaani nguvu inayosukuma umeme. Tafuta pia DC au AC. Umeme wa betri ni DC, huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto. Umeme wa ukutani ni AC. Huo huenda na kurudi, mara 50 katika kila sekunde, na hapa kwetu una volti 230. Betri ya gari ina volti 12 tu. Kwa hiyo ukiona DC 11-18V, chaja hiyo usiichomeke ukutani hata kidogo.

Basi tufanye nini? Kama nyumba yako ina umeme, nunua adapta inayobadili volti 230 AC kuwa volti 12 DC. Lakini si kila adapta inafaa. Tazama herufi A, yaani ampea. Hicho ni kiasi cha umeme kinachopita. Tufanye hesabu pamoja. Chaja imeandikwa 50W. Gawanya 50 kwa 12. Utapata 4 na kidogo. Umeme mwingine hupotea kwa joto, kwa hiyo chukua adapta ya ampea 5 au 6. Ukiipa adapta ya ampea 1, itapata moto sana, na chaja itazimika zima. Adapta ya kompyuta ya mkononi mara nyingi hutoa volti 19. Hizo ni nyingi mno kwa chaja ya mwisho volti 18.

Mafundi wengine hutumia kisanduku cha umeme kutoka ndani ya kompyuta kuu ya mezani. Waya wa njano hutoa volti 12, na waya mweusi ni hasi. Ni njia nzuri na rahisi, lakini mwachie fundi. Ndani ya kisanduku hicho umeme hubaki hata baada ya kuchomoa plagi, nao unaweza kuua.

Kama nyumba haina umeme

Hapa kazi ni nyepesi zaidi. Chaja hii inataka betri ya volti 12, na watu wengi wenye sola wanayo. Sola ichaji betri kubwa kupitia kidhibiti chake, kisha chaja ibanwe kwenye betri hiyo. Waya mwekundu uende kwenye alama ya +, mweusi kwenye alama ya -. Ukigeuza, unaweza kuiharibu chaja.

Weka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya mwekundu, karibu na betri. Usiseme betri ni volti 12 tu, haina hatari. Haitakupiga shoti, kweli. Lakini nyaya zake zikigusana, waya utakuwa mwekundu kama kaa la moto, na nyumba ya nyasi haihitaji zaidi ya hapo.

Betri iliyojaa na kupumzika ina volti 12.6 hivi. Ikishuka hadi 12, iache ichajiwe kwanza. Ukiikamua kila siku hadi mwisho, haitadumu.

Sasa tuchaji betri ya bomba. Bomba nyingi zina betri ya risasi iliyofungwa, imeandikwa 12V 8Ah. Kwenye kioo cha chaja chagua Pb. Herufi hizo ni alama ya madini ya risasi. Chagua volti 12, kisha ampea 0.8, yaani sehemu moja ya kumi ya ile 8. Itachukua saa 10 hadi 12. Anza jioni ukitoka shamba la mbali, na asubuhi iko tayari. Usichague maneno mengine yanayoanza na Li. Hayo ni ya betri za lithiamu, na betri ya lithiamu ikichajiwa kwa mpango usio wake inaweza kuwaka moto. Betri za redio zisizo za kuchajiwa usizitie kabisa; zinaweza kupasuka.

Betri ya gari inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Iweke penye hewa, mbali na kibatari, mbali na jiko, na mbali na watoto. Tindikali yake ikikurukia, osha kwa maji mengi mara moja.

Jirani yangu alipata chaja nyingine. Safari hii tulimwita fundi, nami nilisimama pembeni. Mkewe ameandika kwa chaki ukutani, juu ya meza ya chaja: NYEKUNDU +, NYEUSI -, Pb, 0.8. Jioni yeye ndiye anayebana nyaya, na kila ninapopita huniuliza kama nimekuja kusoma.