Dinga Nayo Ina Metorex Yake

Wale walizoea kuniona pale Grogan, Nairobi, na wakadhani nimeingia mitini, tulieni. Niko Kolwezi, mkoa wa Lualaba, Congo. Dereva fulani wa trela ndiye alinipa rada: huku madinga ni mob, wasee wa waya ni wa kuhesabu. Nikabeba multimita, koleo na rola za tepu, nikavuka Kasumbalesa, nikapata mboka. (Huku lakini chunga hilo neno. Kwa Lingala mboka ni nchi, so ukiambia msee ati umekuja kutafuta mboka anakuonea huruma, anadhani ulifukuzwa kwenu.)

Base yangu ni turubai mbili na benchi, hatua chache tu kutoka Kasulo. Kasulo lazima mmeisikia. 2014 jamaa alikuwa anachimba choo nyuma ya keja yake, akagonga mawe ya kobalti. Mtaa ukageuka mashimo, watu wakachimba hadi chini ya sebule. 2017 kampuni ya CDM, mtoto wa Huayou ya China, ikachukua kipande, familia zikahamishwa, ukuta ukapanda. Hiyo risto wasee wa majuu wameiandika wakachoka. Yangu ni ya balbu.

Ju hakuna mtu huandika vile ganji ya shimo ikifika kwa kijana inaenda wapi. Inaenda kwa bia, viatu, halafu dinga. Na dinga ikishaingia kwa geti, kabla hata ya kuangalia breki, morio anataka LED. Simlaumu sana. Hapa mabwawa ya Nzilo na Nseke, ya enzi za Wabelgiji, yako pale pale kwa mto Lualaba, na bado mitaani stima inapotea vile inataka. Giza la Kasulo si la mchezo. Usiku luku yako ni taa zako, zingine zote hazionekani.

Wiki iliyopita akaingia kijana mmoja, négociant, yaani yule broka anayenunua mawe kwa wachimbaji na kuyapeleka kwa depo. Amekalia BMW Serie 3 ya E90, usukani kushoto, mzigo wa Ulaya. Dinga safi. Uso wake lakini umekunjwa.

"Jambo, Yaya." (Huku Yaya ni ndugu mkubwa, si wa kulea watoto.)

"Jambo, petit. Namna gani?"

"Niliweka ampoule mupya. Tableau yote inalia. Motokari inasema taa ilikufa, na taa iko inawaka. Unaona!"

Nikacheki. Kweli, LED ya H7 inawaka kama jua la saa sita, na kwa dashibodi kuna alama ya balbu imeng'ang'ana. Halafu akizima taa, swichi ya injini ikibaki imewashwa, LED zinakonyeza, zinakonyeza, kama disko ya mtoto. Aliuziwa na duka moja town, boksi limeandikwa CANBUS kwa herufi kubwa. Maze, hilo neno limekula ganji za watu wengi. Kila boksi limeandikwa hivyo, hata la takataka.

Nikamuuliza, "Musompo, mawe yako wanayapima na macho?"

Akacheka. "Hapana, Yaya. Na Metorex."

Kwa wasee wa Nairobi: Musompo ni soko la madini nje ya Kolwezi, kwa barabara ya Likasi. Metorex ni ile bunduki ya eksirei ya kusoma asilimia ya kobalti na shaba kwa mawe. Unaweza kuleta gunia linang'aa vipi, wenye depo hawaangalii kung'aa. Wanaelekeza bunduki, namba inatoka, unalipwa kwa namba. Wachimbaji huteta kila siku kwamba bunduki za depo zinasoma chini, lakini hiyo ni vita ingine.

Sasa dinga nayo ina Metorex yake. Haioni mwanga kabisa. Inapima umeme unaopita. Balbu ya zamani ya H7 inakula wati 55, yaani ampea 4 na nusu hivi. LED inakula labda 25, ampea 2. Kompyuta ya BMW imefundishwa kwamba taa iliyo nzima inakunywa 4 na nusu. Ikiona 2 inasema hii imekufa, inakuwashia alama. Haikudanganyi, inasoma namba. Na kule kukonyeza ni nini? Taa zikiwa zimezimwa, kompyuta hurusha vijiumeme vidogo kucheki kama waya wa ndani ya balbu haujakatika. Balbu ya zamani haisikii kitu, vijiumeme ni vidogo mno kuipasha moto. LED inasikia kila kitu.

Kwa indiketa ni hesabu ileile. Balbu ya P21W ni wati 21, LED yake ni 2 ama 3. Rilei inaona mzigo umepotea, inaanza kupiga tiki-tiki-tiki mbio mbio kama moyo wa msee ameona sanse. Hiyo mbio si ngori, ilitengenezwa makusudi ikwambie balbu imeungua.

So dawa ni gani? Inategemea dinga, na hapa ndio mafundi mob huchoma picha. Kwa Toyota za Japani, ambazo ndizo zimejaa huku kama kwetu, usihangaike na kitu ingine: badilisha rilei ya indiketa. Iko kwa boksi la fyuzi chini ya dashibodi, unaisikia ikigonga. Weka ya elektroniki ya LED, ile inahesabu muda yenyewe bila kujali mzigo. Hesabu miguu kwanza, ju kuna za 2, za 3, na Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinatumia ya 8. Ukitoa ya zamani enda nayo dukani mkononi. Na LED ikikataa kuwaka kabisa, kabla hujamtukana mwenye duka, igeuze. Ni dayodi, inapitisha umeme upande mmoja tu.

Njia ya pili ni rezista, na hapa lazima nijishtaki mwenyewe. Mwezi wangu wa kwanza huku alikuja mzee mmoja na Mark II ya kitambo, zile ziko na kidude kwa buti cha kucheki taa za nyuma. Aliweka LED kwa breki, alama ikawaka. Nikachukua rezista ya omu 6, ile ya dhahabu yenye mapezi, nikaiunga sambamba na balbu. Alama ikazima. Nikajiona genge. Piga hesabu lakini: injini ikinguruma, volti ni 13.8, rezista ya omu 6 inavuta ampea 2.3, hiyo ni wati 32 ya moto mtupu. Umeweka LED ndio uokoe umeme, halafu unauchoma wote kwa chuma kidogo kama kidole. Na mimi, ju ya haraka, nilikuwa nimekifunga na zipu kwa plastiki ya taa. Mzee akakwama kwa foleni ya malori ya kwenda Kasumbalesa, mguu kwa breki. Alirudi na taa imeyeyuka kama mshumaa, harufu hadi kwa kiti. Nilimlipa taa nzima, na yeye hakunitukana hata, ndio iliniuma zaidi.

Rezista inataka bodi ya chuma, skrubu mbili, mbali na waya na plastiki. Kwa indiketa inavumilia, ju inapumzika nusu ya muda. Kwa taa ya kuwaka muda mrefu, mimi siiweki tena. Zile LED za kujiita CANBUS nyingi zina rezista hiyohiyo ndani, ndio maana zinachemka.

BMW ya petit haikuhitaji hiyo mambo. Nilichomeka adapta kwa ile soketi ya uchunguzi chini ya usukani, nikafungua app ya BimmerCode kwa simu, nikaenda kwa taa za H7 za mbele peke yake, nikazima ukaguzi wa baridi, ule wa taa zikiwa zimezimwa, na wa moto, ule wa taa zikiwaka. Wenye Golf na Audi hutumia VCDS kwa laptop. Alama ikapotea, disko ikaisha. Kijana akaruka akanikumbatia na grisi zangu zote. Taa zingeendelea kutetemeka zikiwaka, ningeweka dekoda yenye kapasita, ju hizo dinga za Ujerumani huwa zinakatakata umeme badala ya kuutuma moja kwa moja.

Nikamkalisha chini. Nikamwambia umelipa kuzima mlinzi. Kutoka leo, hiyo taa ikifa kweli, dinga haitasema kitu. Kila jioni zunguka ucheki mwenyewe.

Na kimya kwa dashibodi si kusema taa iko sawa. Hapo ndipo nabishana na vijana wa hapa kila siku. Rifleta ya halojeni ilichorwa kwa waya mwembamba uliokaa mahali pamoja. LED ukiikaza vibaya, mwanga unamwagika juu. Chipu lazima ziangalie kushoto na kulia, si juu na chini, ndio zifanane na ule waya. Tuliipeleka BMW mbele ya ukuta usiku, tukageuza balbu hadi mstari wa mwanga ukakatika vizuri, tukashusha kidogo. Halafu kifuniko cha mpira nyuma lazima kifunge, ju LED ina feni, na vumbi la Kasulo la kiangazi halina huruma na feni. Ujerumani kwenyewe waliruhusu LED za kubadilisha kwa taa za halojeni 2020 tu, wakaanza na za Osram, na kwa magari yaliyo kwa orodha peke yake. Sisi tunaweka kwa kila kitu.

Noma zaidi ni za usukani wa kulia. Japani wanaendesha kushoto kama Kenya na Zambia, so taa zao zinainua mwanga upande wa kushoto kumulika ukingo wa barabara. Ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia. Sasa ile kushoto iliyoinuliwa ndiyo inamgonga anayekuja usoni. Na halojeni ni kero. Na LED, yule jamaa wa manseba, bodaboda ya huku, amebeba gunia na abiria mgongoni, anakuwa kipofu sekunde kadhaa. Na kando ya hiyo barabara wachimbaji wanatembea kurudi nyumbani, torchi za LED kichwani, wengi wao bila kitu kingine cha kuwaonyesha. Nikiona Toyota ya Japani nakataa LED ya mbele, naweka halojeni mpya. Nimepoteza wateja kwa hiyo. Sawa tu.

Kitu kimoja hunichekesha. 2014, mwaka ule Kasulo iligonga kobalti, ndio Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobel ya fizikia kwa LED ya bluu. Hii nyeupe tunayogombania ni chipu ya bluu imepakwa unga wa njano. Nilimwambia petit, akatikisa kichwa, akauliza kama hao watatu walilipwa kwa Metorex.

Halafu akataka tufanye na taa za breki. Nikakataa. Kwa breki dinga inakulindia mgongo, na ukizima ukaguzi pale, wa kwanza kujua taa imekufa ni dereva wa lori la katodi la tani 30 nyuma yako. Akanung'unika, akakubali. P21W zake zimebaki palepale. Zile H7 za zamani nilizifunga kwa soksi safi nikaziweka kwa droo ya dashibodi, bila kugusa kioo na vidole, na wewe ukibadilisha za kwako usizitupe: siku feni ya LED itagoma usiku katikati ya Kolwezi na Likasi, hizo ndizo zitakufikisha nyumbani.