Kipushi: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimepima sumu ya migodi, ni nani anayesoma majibu?

Kipushi iko kilomita karibu 30 kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka na Zambia. Ni mji uliozaliwa na mgodi. Kuanzia mwaka wa 1924 hadi 1993, kwanza Union Minière, kisha Gécamines, zilitoa chini ya ardhi yake mawe ya tani karibu milioni 60. Ndani yake zilipatikana tani milioni 6,6 za zinki na tani milioni 4 za shaba.

Zinki na shaba viliuzwa ng'ambo. Lakini mawe yaliyosagwa, yale ambayo kiwanda kilikwisha kuyaondolea mali, hayakupanda treni. Yalibaki Kipushi. Wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi lake, na wakati wa masika maji ya mvua huteremka nalo kuelekea mito na mashamba.

Swali ambalo mama yeyote anayelima lengalenga karibu na mgodi anaweza kujiuliza ni moja tu: je, kitu hiki kinatudhuru? Katika Haut-Katanga, chombo cha serikali ambacho kimelijibu kwa vipimo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU.

Chuo hicho kilifungua milango mwaka wa 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka wa 1971 kiliingizwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na mwaka wa 1981 kikapata tena uhuru wake na jina la sasa. Kimepita vita, uporaji na miaka ambayo mishahara ya walimu haikutosha kununua hata mfuko wa unga. Hata hivyo, baadhi ya kazi zake zinasomwa leo duniani kote.

Moja ya kazi hizo inahusu Kipushi yenyewe. Mwaka wa 2009, Willy Kitobo Samsoni, mhandisi na mwalimu wa UNILU, alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Utafiti wake ulikuwa juu ya mabaki ya kiwanda cha zamani cha Kipushi. Mabaki hayo yana madini yenye salfa. Madini ya aina hiyo yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali na kuzipeleka mbali. Kitobo alitafuta njia ya kuyaosha mabaki hayo kwa kutenga madini yenye salfa, na papo hapo kuokoa mali iliyosahauliwa ndani yake. Yaani, takataka ile ile inaweza kusafishwa na kulipa sehemu ya gharama ya kusafishwa kwake. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2019, mwandishi wa utafiti huo akawa Waziri wa Migodi wa nchi, kazi aliyoifanya hadi 2021.

Mwaka huo huo wa 2009, kitivo cha tiba kilitoa kazi nyingine. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu vya Ubelgiji, walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Baadhi yao waliishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, wengine kati ya kilomita 3 na 10, na 40 waliishi mbali, kilomita 400 kutoka eneo la migodi.

Majibu yalikuwa wazi. Kwa waliokaa karibu sana na mgodi, wastani wa kobalti ulikuwa mikrogramu 15,7 kwa kila gramu ya kreatinini, kipimo kinachotumiwa kulinganisha mikojo. Kwa wale wa kilomita 3 hadi 10 ulikuwa chini ya hapo. Kwa wale wa mbali ulikuwa wa chini zaidi. Arseniki, kadimi, risasi na urani zilifuata njia hiyo hiyo: kadiri mtu anavyokaa karibu na mgodi, ndivyo zinavyozidi mwilini. Watafiti waliandika kwamba kiasi hicho cha kobalti ndicho kikubwa kuliko chochote kilichowahi kutangazwa kwa wakaaji wa kawaida, mahali popote duniani.

Mwaka wa 2018, Banza na wenzake walichapisha utafiti juu ya Kasulo, kartie ya Kolwezi ambako watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima wakaaji 72, wakiwemo watoto 32, na kuwalinganisha na watu wa kartie jirani. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini, pamoja na dalili za kudhurika kwa chembe zinazobeba urithi.

Kisha mwaka wa 2020, jarida la The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanyika katika vituo vya uzazi vya Lubumbashi kati ya 2013 na 2015, juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro. Watafiti wa UNILU, kati yao Tony Kayembe-Kitenge, walifanya kazi hiyo na wenzao wa Ubelgiji. Waligundua kwamba kasoro hizo zinaonekana zaidi ikiwa baba ya mtoto anafanya kazi ya migodi: uwezekano ulikuwa mara 5,5. Idadi ya familia ilikuwa ndogo, kwa hiyo namba yenyewe inaweza kupanda au kushuka. Lakini njia inayoonyesha ni ya kutisha kwa mji ambao wanaume wengi wanaishi kwa migodi.

Wakulima nao hawakusahauliwa. Mwaka wa 2010, Mylor Ngoy Shutcha wa kitivo cha kilimo, pamoja na wenzake, walijaribu majani matatu ya asili ya Katanga kwenye udongo wenye shaba nyingi, pamoja na mboji au chokaa. Nia ilikuwa kufunika udongo ili vumbi na metali visisafiri. Jani liitwalo Rendlia altera lilivumilia vizuri kuliko mengine. Ni dawa inayoota hapa hapa.

Mahali hesabu za wasomi zinapofanywa, kazi hizi zina uzito. Zinatajwa kila mara dunia inapojadili betri za magari ya umeme, kwani zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mkojo wa watu wa Katanga ulipimwa katika maabara ya Ubelgiji. Na mama wa Kipushi anayenunua sombe sokoni anaongea Kiswahili.

Kwake yeye, matunda ya utafiti hayahesabiwi kwa majarida. Yanahesabiwa kwa mambo madogo: kujua kwamba kuosha mboga kunaondoa vumbi, lakini hakuondoi metali iliyokwisha kuingia ndani ya jani, kwamba mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni hula vumbi hilo kuliko mtu mzima, kwamba nguo za kazi za baba zisioshwe pamoja na nepi za mtoto.

Suala hili sasa lina haraka. Mwezi wa sita 2024, baada ya miaka zaidi ya 30 ya kimya, mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki, chini ya ubia wa kampuni ya Kanada Ivanhoe Mines na Gécamines. Kazi imerudi, na vijana wanaifurahia. Kanuni ya Migodi ya 2018 pia inaipa mamlaka ya mahali asilimia 15 ya kodi ya madini yanayotolewa.

Vipimo vya maji, udongo na mkojo vinavyochukuliwa mwanzoni mwa kazi mpya ndivyo vitakavyoonyesha, miaka kumi ijayo, ni nini kililetwa na mgodi wa leo na ni nini kilichoachwa na ule wa zamani. Visipochukuliwa mapema, kila upande utaunyooshea mwingine kidole. Wanaojua kupima wako Lubumbashi, mwendo wa chini ya saa mbili kwa barabara.