Kabla ya Kusema "Kule Wanapika Vibaya"

Katika numero hii sisi wafinalisti tunataka kueleza jambo moja ambalo kila mtu analifanyaka, lakini wachache wanalifanya vizuri: kula inje ya nyumba, na kisha kusema mbele ya watu kama chakula kilikuwa kizuri ao kibaya. Wengine watacheka: "Hata hili ni somo?" Ndiyo, ni somo. Sisi wenyewe tulilijifunza kwa haya.

Munajua wote malewa ya pale kwenye barabara kubwa, karibu na mlango wa shule. Mwaka jana, nyuma ya likizo ya Pasaka, mwenzetu mmoja alikula kule saa sita: bukari, sombe na samaki Thomson. Usiku ule ule homa ikamkamata na tumbo likamuuma. Kesho yake asubuhi, sisi makapita tuliandika karatasi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo: "Musikule kwa Mama wa malewa, chakula chake ni sumu." Hatukumuuliza mtu. Hatukuenda kuangalia. Tulifikiri tunalinda wadogo wetu.

Majuma mawili hakuna mwanafunzi aliyepita kule. Mama alikuwa akirudisha sufuria ya maharagi nyumbani ikiwa imejaa. Mtoto wake, ambaye anasoma pamoja nasi, akarudishwa nyumbani sababu ya minerval. Kisha jibu la dispansari likafika: mgonjwa wetu alikuwa na tifoide. Tena tukasikia kwamba kwao, kule alikopitisha likizo, wadogo zake wawili walikuwa wamekwisha kulala na ugonjwa huo huo. Wote walikunywa maji ya kisima kimoja.

Mama alikuja mbele ya mlango wa shule. Hakupiga makelele. Alisema tu: "Bana yangu, munakulaka kwangu tangu mwaka wa kwanza. Juu ya nini hamukuniuliza?" Tulikosa la kujibu.

1. KOSA LETU LILIKUWA WAPI?

Kosa la kwanza: tulihukumu chakula cha mwisho. Mtu akigonjwa, anafikiri mara moja sahani aliyokula ile siku. Lakini magonjwa ya tumbo hayana mwendo mmoja. Kuna sumu ya chakula inayomwangusha mtu nyuma ya saa chache tu. Kipindupindu kinaweza kuanza nyuma ya saa 12, ao kungoja mpaka siku 5. Tifoide inakawia zaidi: mara nyingi juma moja ao mawili, na pengine inapita pale. Kwa hiyo, yule aliyekupikia leo anaweza kuwa hana neno kabisa, na mwenye kosa ni maji uliyokunywa ukiwa mbali.

Kosa la pili: tulisema kwa jina la wote jambo ambalo mmoja tu alikuwa amelionja, tena mara moja.

Kosa la tatu: tuliandika neno "sumu" bila kuona chochote kwa macho. Hiyo si habari. Ni ushuhuda wa uongo, hata kama nia ilikuwa nzuri.

2. WENYE KAZI HIYO WANAFANYA NAMNA GANI?

Katika inchi nyingine kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka, kula katika restora na kuandika. Kitabu kinachojulikana kuliko vyote ni kile cha Michelin, ndiyo, Michelin ile ile ya mipira ya magari. Ndugu wawili, André na Édouard Michelin, walikuwa na kiwanda huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Katika mwaka wa 1900, inchi yao yote haikufikisha hata magari 3,000. Wakawaza: watu wakisafiri zaidi, mipira itakwisha mbio, na watanunua mingine. Basi wakachapisha kitabu kidogo chenye karta, namna ya kubadilisha mpira, mahali pa kupata esansi, mahali pa kula na kulala. Walikigawa bure mpaka mwaka wa 1920, ndipo wakaanza kukiuzisha. Nyota za restora zilianza mwaka wa 1926, na katika mwaka wa 1931 wakaweka daraja tatu. Nyota moja ni chakula kizuri sana. Mbili, inafaa mtu ageuze njia kidogo ili apite pale. Tatu, inafaa kufunga safari juu ya restora ile peke yake.

Kitu kinachotufundisha si nyota, ni namna wanavyofanya. Mkaguzi hasemi kwamba yeye ni mkaguzi. Anaingia kama mtu yeyote. Analipa chakula chake mwenyewe, kusudi asiwe na deni kwa mwenye restora. Hatoshi mmoja: wengine wanarudi pale siku nyingine, kisha wanakaa pamoja na kupatana kabla ya kutoa nyota ao kuiondoa. Katika kutoa nyota wanaangalia sahani: uzuri wa vyakula vyenyewe, ufundi wa mpishi, ladha namna inavyolingana, na kama chakula cha leo kiko sawa na cha siku nyingine. Uzuri wa meza na pazia hauingii katika nyota.

Sasa tujilinganishe. Wao: mara nyingi, watu wengi, macho wazi. Sisi: mara moja, mtu mmoja, karatasi ukutani.

3. KARIBU NA NYUMBANI

Tunashauri kutenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganyaka: usafi, bei na ladha.

Usafi unaonekana. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linafundisha mambo matano: kuwa safi, kutenga vyakula vibichi na vilivyoiva, kuivisha vizuri, kulinda chakula kisikae katika uvuguvugu, na kutumia maji mema. Chakula kinapaswa kupata moto wa digrii 70 mpaka ndani. Kilichokwisha kuiva kisipitishe saa 2 bila moto wala baridi. Kikingoja wateja, kikae juu ya digrii 60. Kipima-joto hatuna, lakini macho tuko nayo. Je, moshi unatoka kwenye sahani? Nyama haina tena rangi nyekundu ndani? Sufuria ina kifuniko, ao nzi ndio kifuniko? Mahali pa kunawa kuko sabuni? Sahani zinaoshwa katika maji gani?

Bei pia si fumbo. Uliza mbele ya kukaa, si nyuma ya kula. Ukishakula huna tena nguvu ya kubishana.

Ladha ndiyo ngumu, sababu ladha ni ya kwenu. Mmoja amezoea bukari ya mahindi, mwingine anataka ya muhogo ao ya kuchanganya. Huyu anataka pili-pili, yule analia machozi. Usiseme "ni mbaya" kama ulitaka kusema "si kama ya mama yangu".

4. KATIKA SAFARI

Safarini hatuna nafasi ya kurudi mara tatu. Gari linasimama, shofere anapiga honi, na una njaa. Basi fuata haya:

– Angalia mahali mashofere wenyewe wanapokula. Wanapita kila juma, wanajua. Lakini usiache kutumia macho yako.
– Chagua kinachotoka kwenye moto mbele yako: mahindi ya kuchoma, bitumbula vikiwa bado moto, michopo iliyoiva vizuri. Acha nyama iliyokatwa tangu asubuhi na kukaa kwenye jua.
– Matunda, chukua yale unayomenya mwenyewe: ndizi, machungwa.
– Maji, beba ya kwenu yaliyochemshwa. Chupa ya kununua, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.
– Onja cha watu. Ukifika Kalemie, omba mikebuka ya ziwa la Tanganyika. Ukifika Kinshasa watakupa pondu pamoja na chikwange. Pondu ile ni sombe, ndugu yangu, usiogope jina. Mtu anayesafiri na kutafuta paka chakula cha kwao, amesafiri nusu.

Na ukirudi, usiseme "kule chakula chao ni kibaya". Sema: "Nilikula mara moja, kwenye kisimamo, samaki ilikuwa baridi." Hiyo ni kweli, na haimharibii mtu jina kuliko inavyofaa.

5. JE, TUNYAMAZE?

Hapana. Ukiona hatari kwa macho yako, kama nyama yenye harufu ao maji machafu, sema mara moja, kwanza kwa mwenye kupika, kisha kwa wenzako. Lakini sema ulichoona, si ulichowaza. Kama ni ladha ao bei, mwambie yeye peke yake kwanza. Mama mmoja na sufuria zake hana gazeti la kutujibu.

Karatasi yetu tuliiondoa. Tulibandika nyingine ya kuomba msamaha, yenye majina yetu chini. Kisha tukaenda kule, finalisti wote, tukala na kulipa. Tulimwomba Mama aweke ndoo yenye robine na sabuni. Aliiweka juma lile lile. Wateja walirudi pole pole, si wote. Mtoto wake alirudi masomoni, lakini alikuwa amekosa interro tatu, na hizo hatukuweza kumrudishia.

Tangu sasa kuko daftari kwa makapita. Mwenye kutaka kuandika juu ya malewa ao restora yoyote, ya hapa ao ya safari, aandike siku, alichokula, bei, alichoona, ni mara ngapi alikula pale, na jina lake mwenyewe. Bila jina hatupokei.

Likizo njema, na mukule vizuri.

Kapita mkuu wa wanafunzi, kwa niaba ya wafinalisti