CHINI YA BARAFU, SAMAKI WALINDA VIOTA MILIONI 60

Watu wengi wasikiapo habari za ncha za dunia hufikiri juu ya barafu tu, nyeupe na ngumu, isiyo na mwisho. Ni wachache wanaojiuliza kuna nini chini yake. Wataalamu wenyewe walikaa miaka mingi bila kujua, kwa sababu barafu ni mlango uliofungwa, na kila aliyetaka kuupita alihatarisha chombo chake na roho yake.

KAMBA ILIYOPUNGUA

Mwaka 1893 Mnorwei Fridtjof Nansen aliiacha kwa makusudi meli yake, Fram, inaswe na barafu ya Bahari ya Aktiki ili ichukuliwe na mkondo. Nansen alidhani kuwa bahari hiyo haina kina kikubwa, na kamba ya kupimia aliyochukua ilikuwa fupi. Ilipoteremshwa haikugusa chini. Mabaharia hawakukata tamaa. Walifumua waya mnene wa chuma uliokuwa melini, wakausuka upya ukawa uzi wa maelfu ya mita. Ndipo ilipojulikana kwamba chini yao kulikuwa na kilindi cha zaidi ya mita 3,000. Fram ilitoka barafuni salama mwaka 1896.

KUSHUKA SI KAZI, KAZI KURUDI

Vyombo vya siku hizi ni bora zaidi, lakini bahari ni ile ile. Huko chini hakuna mwanga wa jua. Katika kina cha mita 4,000 maji hukandamiza kila kitu kwa nguvu iliyo karibu mara 400 ya ile ya hewa tuivutayo. Tena barafu husogea usiku na mchana, na meli husogea pamoja nayo.

Tarehe 2 Agosti 2007 Warusi waliteremka kwa nyambizi ndogo mbili, Mir-1 na Mir-2, hadi sakafu ya bahari kwenye Ncha ya Kaskazini, kina cha zaidi ya mita 4,200. Hatari kubwa ilikuwa katika kurudi. Iliwabidi walitafute tena tundu walilopitia, kwa kuwa nyambizi zile hazikuwa na nguvu ya kuipasua barafu. Walilipata, wakatoka wote wazima.

MJI WA SAMAKI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwezi Februari 2021 meli ya Kijerumani ya kuvunja barafu, Polarstern, ilikuwa katika Bahari ya Weddell, upande wa Ncha ya Kusini. Wataalamu wa Taasisi ya Alfred Wegener waliteremsha kamera kwa waya mrefu, wakaikokota karibu na sakafu ya bahari, mamia ya mita chini ya barafu. Katika picha waliona kiota cha samaki, kisha kingine, kisha vingine visivyohesabika.

Kila kiota kilikuwa shimo la mviringo lenye upana wa sentimita 75 hivi. Kwa wastani palikuwa na kiota kimoja katika kila mita nne za mraba, nafasi ya kutandika mikeka miwili. Eneo lote lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 240, na viota vyake milioni 60. Vingi vilikuwa na mayai yapatayo 1,735, na juu yake samaki mmoja mzima, ametulia kama askari aliye lindoni.

Samaki hawa wa barafu wana ajabu nyingine: damu yao si nyekundu. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi, nao huishi kwa ile inayoyeyuka katika damu yenyewe. Mahali walipochagua pia si pa kubahatisha, maana maji ya hapo yalionekana kuwa na joto lililozidi maji ya jirani kwa kiasi cha digrii mbili za sentigredi. Sili nao wanapafahamu, na huzamia huko kutafuta chakula.

NANI ATAWALINDA WALINZI?

Uzito wa samaki hao ulikadiriwa kupita tani 60,000. Mali kama hiyo huwavuta wavuvi, na wavu mmoja mzito ukikokotwa chini waweza kuharibu maelfu ya viota kwa siku moja. Tangu mwaka 2016 Umoja wa Ulaya umependekeza Bahari ya Weddell iwe hifadhi. Lakini tume ya mataifa inayosimamia viumbe wa bahari ya Antaktika huamua kwa kauli moja tu, na hadi mwaka 2024 kauli hiyo ilikuwa haijapatikana.

Jambo hili si la wakazi wa nchi za baridi peke yao. Maji mazito ya baridi yanayozama katika Bahari ya Weddell na pwani nyingine za Antaktika husafiri polepole sakafuni hadi vilindi vya Atlantiki, Pasifiki na Bahari ya Hindi, yakipeleka oksijeni kwa viumbe wa huko. Yapatwayo na bahari zile za barafu hufika mbali. Samaki wale wameshika zamu yao. Iliyobaki ni zamu ya wanadamu.