Unataka Rimu Ndefu Mbele kwa Baiskeli ya TT? Soma Hii Kabla Utoe Doh

Juni 12, 2019. Chris Froome, yule msee aliyezaliwa hapa Nairobi na kunolewa na David Kinjah, alikuwa anakagua njia ya mbio za muda mjini Roanne, Ufaransa. Akatoa mkono kwa usukani apenge kamasi. Upepo ukashika gurudumu la mbele, jamaa akaingia ukutani akiwa na spidi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Akavunjika mfupa wa paja, kiwiko na mbavu. Alikuwa ashashinda Tour de France mara 4, lakini ya mwaka huo ilimpita hivyo tu.

Kama huyo anaweza kutupwa na upepo, wewe unayetaka kufunga rimu ya milimita 90 mbele juu inakaa noma kwa picha, hebu tuongee kidogo.

Kina cha rimu ni kipimo kutoka pale taya inakaa hadi pale spoki zinaingilia. Rimu ikiwa ndefu, hewa inateleza vizuri na unaokoa nguvu. Hiyo ni kweli. Shida ni upepo wa kando. Rimu ndefu ni kama tanga la mashua: upepo unapata mahali pa kusukuma.

Nyuma hiyo si ngori sana, kwa sababu gurudumu la nyuma halipindi usukani. Ndio maana wasee wa TT huweka diski nzima nyuma na bado wanaenda sawa. Mbele ni story tofauti. Upepo ukipiga, unageuza usukani wenyewe, na ukiwa umelalia zile bomba za mbele, mikono yako iko karibu karibu, huna nguvu ya kuurudisha haraka. Mbio za Ironman hazikubali diski mbele kabisa.

Na kinachotupa watu si ule upepo wa kuvuma polepole. Huo unauzoea. Kinachotupa ni ule wa ghafla. Uko Bypass, lori linakupita, sekunde moja limekukinga, sekunde inayofuata upepo wote unakurudia. Ama ukuta unaisha, unatokea kwa uwazi. Hapo ndipo rimu ya 90 inakuonyesha mambo.

So uchukue gani? Ukiwa mwepesi, tuseme chini ya kilo 60, ama ndio unaanza TT, mimi ningesema milimita 45 hadi 50. Wengi wetu tungetosheka na 60 hivi. Hizo za 80 na 90 ni za msee mzito kiasi, mwenye amezoea, na njia haina upepo wa kuchezea watu. Usiogope kwamba 60 itakuacha nyuma. Tofauti yake na 80 ni ndogo sana, na ukiinuka kutoka kwa zile bomba kila upepo ukipiga, umepoteza kuliko chenye rimu ilikupatia. Kifua chako ndio breki kubwa ya hewa, buda, si gurudumu.

Uliza Laurent Fignon. Siku ya mwisho ya Tour ya 1989, kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5, alikuwa anaongoza Greg LeMond kwa sekunde 50. Fignon alikuwa na diski mbele na nyuma. LeMond alikuwa na diski nyuma peke yake, lakini pia alikuwa na kofia ya kukata hewa na bomba za kulalia. Fignon alipoteza Tour kwa sekunde 8.

Ukinunua ya mtumba, angalia umbo. Rimu za zamani zimechongoka ndani kama herufi V, na upepo wa kando huzirusha kwa ghafla. Za siku hizi ni mviringo kama U na ni pana, zinatulia zaidi. Taya nayo isizidi upana wa rimu kwa nje. Ikifura kama balbu, hiyo hewa unayolipia inapotea.

Kama ni kaboni na breki zako zinabana rimu, weka vipande vya breki vya kaboni, na usishike breki mfululizo ukiteremka Mai Mahiu. Rimu inaweza kupata joto hadi iharibike.

Kabla ulipe, omba ya beshte. Toka nayo mchana wa upepo, lalia bomba, halafu hesabu mara ngapi umeinuka. Zikiwa nyingi, punguza kina.

Na ununue tyubu za vali ndefu mapema. Ile ya kawaida haitatokea upande ule mwingine, na hutaki kugundua hivyo ukiwa umepata pancha huko Naivasha.