Mayai 13, vifaranga 6: kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi, siyo kuku

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo tuongee kuku. Najua wapo vijana wenzangu wengi wameshapiga hesabu za mradi wa kuku wa kienyeji kwenye karatasi, na hesabu imekaa vizuri, ila mtaji ndio shida. Mashine ya kutotolesha ni hela, halafu inataka umeme usiokatika. Tetea anayelalia mayai hahitaji luku.

Mimi nilianza na tetea mmoja hapa Maji ya Chai, na nilichemsha. Alipoanza kulalia nilimwekea mayai 7. Siku ya 5 nikaokota 3 ya kuku wengine nikaongeza. Siku ya 9 nikaongeza tena 3, nikijiona mjanja. Siku ya 21 wakatoka vifaranga 6. Nikakaa kusubiri wengine. Kesho yake mama mtu akainuka na wanawe, huyooo, uani kuparua. Mayai 7 yakabaki baridi. Nilipovunja moja nikakuta kifaranga kamili, ana manyoya tayari, amekufa. Jamani, niliumia.

Nikaenda kwa mama mmoja jirani. Baada ya shikamoo nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kuku hana kosa. Atawasubiri wa kwako mpaka lini, na wake wana njaa?"

Siri yenyewe ni hii. Yai lenye mbegu ya jogoo likiwa sehemu ya ubaridi linakuwa kama limelala. Linaanza kujenga kifaranga likipata joto la mfululizo, kama nyuzi 37 na kitu. Ndiyo maana kuku anaweza kutaga wiki mbili, lakini vifaranga wakatoka karibu siku moja. Siku 21 zinahesabiwa tangu alipotulia kiotani, siyo tangu alipotaga. Mimi kila nilipoongeza yai nilikuwa naanzisha hesabu mpya.

Haya, twende kazi:

1. Hakikisha analalia kweli. Anashinda kiotani hadi usiku, ukimsogelea anavimba, anadonoa na kulalamika.

2. Chagua mayai ya kuku wanaoishi na jogoo, yasiyozidi siku 7 hivi, yasiyo na ufa. Usiyaoshe. Yatunze sehemu ya ubaridi, siyo kwenye friji, ncha ikiwa chini na upande mpana juu.

3. Weka yote kwa mpigo, usiku, giza likiwa limeingia. Kuku wa kienyeji wa kawaida anamudu 10 hadi 12. Yakizidi, ya pembeni yanapata baridi. Yachore alama ya penseli. Ukikuta yai lisilo na alama, mwingine katagia humo, litoe.

4. Kiota kiwe sehemu kavu, kimya na yenye giza kidogo. Boksi na nyasi kavu vinatosha. Nyunyiza majivu chini kwa ajili ya utitiri, maana ukimzidi kuku atayakimbia mayai.

5. Weka maji na mahindi karibu. Atatoka kwa muda mfupi kila siku ale na ajisaidie, usihangaike. Kugeuza mayai pia ni kazi yake.

6. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 10 yapime usiku kwa tochi, hata ya simu. Ukiona mishipa myekundu, lipo hai. Likiwa jeupe tupu ndani, litoe, litakuwa viza na kuchafua mengine.

7. Kuanzia siku ya 18 usiguse kitu. Na kifaranga akianza kudonoa ganda usimmenye ukidhani unamsaidia, utamtoa damu.

Wakishatoka msiwe na haraka ya chakula. Kifaranga anazaliwa na akiba ya kiini tumboni, inamvusha siku mbili hivi. Ila huku chini ya Meru baridi ya Juni na Julai siyo mchezo, na mwewe wapo, kwa hiyo wiki za mwanzo wafungie ndani na mama yao.

Mwisho, kideri. Ugonjwa huu unaweza kufuta banda zima ndani ya siku chache, na hauna dawa, ni chanjo tu. Ipo ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za kawaida na inatengenezwa hapa hapa Tanzania. Ni tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Afisa mifugo wa kata atakwambia uanze lini.

Mara ya pili niliweka mayai 11 usiku mmoja. Moja lilikuwa tupu, moja likaharibika, wakatoka 9. Kuku ni yule yule.