Tumbo kujaa gesi si minyoo tu: Bakteria na fangasi katika utumbo mwembamba

TUMBO kujaa gesi, kunguruma na kuuma kila baada ya chakula ni malalamiko ya kawaida katika familia nyingi. Kwa wakazi wa Masasi na Newala, kama ilivyo kwingineko nchini, kimbilio la kwanza huwa duka la dawa: vidonge vya minyoo, Flagyl au dawa ya kupunguza asidi tumboni.

Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa huwa na tatizo ambalo vidonge hivyo huweza kulificha, au hata kulizidisha. Nalo ni kuzaliana kupita kiasi kwa bakteria, na wakati mwingine fangasi, ndani ya utumbo mwembamba.

Bakteria wengi wa mwilini huishi katika utumbo mpana, ambako huwa na manufaa. Utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita 6, ndio unaofyonza virutubisho. Katika sehemu yake ya juu, bakteria kwa kawaida hawazidi 1,000 katika mililita moja ya majimaji, ilhali utumbo mpana huwa na mabilioni.

Mwili hulinda mpaka huo kwa njia kadhaa. Asidi ya tumboni huua vijidudu, na mtu asipokula, misuli ya utumbo husukuma mabaki kuelekea chini kila baada ya dakika 90 hadi 120.

Ulinzi huo hulegea kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, au anayetumia dawa kama omeprazoli kwa miezi mingi. Fangasi, hasa wa aina ya kandida, hupata nafasi kinga ya mwili inaposhuka, au antibiotiki zinapoua bakteria waliokuwa wakiwazuia.

Vijidudu hivyo huchachusha chakula kabla mwili haujakifyonza. Matokeo yake ni gesi, kuharisha na kupungua uzito. Bakteria pia hutumia vitamini B12, na upungufu wake huleta ukosefu wa damu na ganzi miguuni.

Kwa watoto, chanzo huweza kuwa mazingira yenyewe. Katika uwanda wa Makonde, maji ya mvua huzama upesi kwenye udongo wa kichanga, na chemchemi ziko mabondeni. Kwa miaka mingi wanawake wa Newala wamepanda miteremko hiyo wakiwa na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini kaya nyingi zimeendelea kutegemea maji ya mvua yanayohifadhiwa katika visima vya saruji.

Palipo na maji machache, kunawa mikono huwa kwa nadra, na mtoto humeza vijidudu kila siku. Utumbo wake huvimba kwa ndani, hushindwa kufyonza chakula vizuri, na mtoto hudumaa hata asipoharisha.

Je, vidonge vinaweza kuzuia hali hiyo? Swali hilo lilichunguzwa Haydom, mkoani Manyara, kuanzia mwaka 2017. Watoto 1,188 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu, wengine vitamini B3 na wengine dawa bandia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa walipofikisha miezi 18, dawa hizo hazikuwa zimewaongezea urefu.

Kwa mtu mzima, tiba ipo, lakini hutanguliwa na vipimo. Mgonjwa hunywa maji yenye glukosi, kisha pumzi yake hupimwa haidrojeni, gesi ambayo mwilini hutengenezwa na bakteria tu. Fangasi hawaonekani kwa kipimo hicho. Hulazimu kuchukua majimaji ya utumbo kwa mpira maalumu unaopitishwa mdomoni. Antibiotiki haziui fangasi, nao huhitaji dawa zao.

Vipimo hivyo havipatikani katika kila hospitali. Lakini daktari wa Mkomaindo au Ndanda anaweza kuanza na choo, sukari, wingi wa damu na VVU, kisha kutoa rufaa inapobidi.

Tumbo linalosumbua kwa wiki kadhaa, likiambatana na kukonda, homa au damu katika choo, lisitibiwe kwa kubahatisha. Gesi ikitulia kwa Flagyl na kurudi mwezi unaofuata, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali, si ya kununua dozi nyingine.